Ukosoaji wenye Heshima ni Sehemu ya Kazi ya Programu Huria

Miongoni mwa wanaoandika programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake (maandishi yanayoiamuru kompyuta) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha, kuna imani ya muda mrefu kwamba ukali wa maneno ndio unaolinda ubora wa msimbo. Kwa mujibu wa imani hiyo, anayekosoa kwa staha anaogopa kumuudhi mwenzake, na anayeogopa kumuudhi mwenzake ataziacha kasoro zipite. Basi ni heri mchangiaji mmoja aumie moyo kuliko mamilioni ya watumiaji kuletewa programu mbovu. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa sababu baadhi ya wanaoitoa wamejenga mambo makubwa. Hata hivyo naamini wanakosea, na kosa lao si la adabu peke yake. Ni kosa la kiufundi pia, kwani ukosoaji unaomvunjia mtu heshima huifikisha kasoro kwake ikiwa imefunikwa, na mara nyingi humfukuza yule yule ambaye angeirekebisha.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Linus Torvalds alianza kuandika kiini cha mfumo huo, yaani sehemu ya ndani inayounganisha programu na mashine yenyewe, mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na kwa zaidi ya miaka 20 aliwaongoza maelfu ya wachangiaji kwa barua pepe ambazo ukali wake ulijulikana na kila aliyekuwa karibu na kazi hiyo. Leo Linux inaendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti, na kila simu ya Android imejengwa juu ya kiini chake. Anayetetea ukali huyaonyesha mafanikio hayo na kuuliza: ikiwa lugha ile ilikuwa na madhara, mbona kazi imesimama?

Jibu linapatikana tukizisoma barua zenyewe kwa makini. Mojawapo ya zilizo maarufu sana iliandikwa Desemba 2012. Mabadiliko katika sehemu ya kiini inayoshughulikia vifaa vya picha na sauti yalikuwa yameharibu programu za watumiaji zilizokuwa zikifanya kazi vizuri, na mtunzaji wa sehemu hiyo, mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi, akaelekea kuilaumu programu ya mtumiaji. Torvalds alimjibu hadharani kwa herufi kubwa na lugha chafu, akimwamuru afunge mdomo. Lakini ndani ya barua hiyo hiyo kuna mambo mawili ambayo hayahitaji tusi lolote. La kwanza ni kanuni: mabadiliko ya kiini yakivunja programu za watumiaji, kosa ni la kiini, na mtumiaji asilaumiwe kamwe. La pili ni maelezo: alama ya kosa iitwayo ENOENT maana yake ni kwamba faili au saraka iliyotajwa haipo, kwa hiyo mahali pake ni katika shughuli za kutafuta njia ya faili, ilhali wito wa ioctl, ambao programu huutumia kukipa kifaa maagizo, hufanywa juu ya faili ambalo tayari limefunguliwa, basi ioctl kurudisha ENOENT ni jambo lisilo na maana.

Maelezo hayo ni ukosoaji wa kiwango cha juu kabisa. Yanaonyesha kilichokosewa, yanatoa sababu, na yanampa mwandishi kipimo cha kutumia siku nyingine atakapokuwa peke yake mbele ya msimbo. Ukiyaondoa matusi yote, hakuna chembe ya maarifa inayopotea. Ukiyaondoa maelezo na kuyabakiza matusi, hakuna mtu angejua arekebishe nini. Kwa hiyo kilichoilinda Linux ni kanuni iliyo wazi, desturi ya kila kiraka, yaani kila badiliko la msimbo linalopendekezwa, kupitiwa na macho zaidi ya ya mwandishi wake, na ngazi za watunzaji ambao kila mmoja anawajibika kwa sehemu yake. Matusi yalisafiri pamoja na mambo hayo kwa miaka mingi mpaka yakapewa sifa isiyo yao.

Gharama yake ilionekana pia, ingawa wengi hawakuihesabu. Julai 2013 Sarah Sharp, aliyekuwa akitunza sehemu ya kiini inayoendesha vifaa vya USB 3.0, aliwataka waziwazi Torvalds na wenzake waache kuwatukana watu. Torvalds alikataa, akitoa hoja kwamba adabu ya maofisini huzaa unafiki na kusengenyana, na kwamba yeye anaona ni uaminifu zaidi kumwambia mtu kile anachokifikiri. Oktoba 2015 Sharp alitangaza kwamba ameiacha kazi ya kiini. Mtu aliyeandika msimbo wa kuendesha aina mpya ya vifaa, anayejua ni wapi nyaraka za watengenezaji zinatofautiana na kifaa kilicho mezani, hapatikani kwa kutangaza nafasi. Tena yeye ni mmoja tu ambaye tunajua kuwa aliondoka. Wale waliosoma barua zile wakiwa wanafunzi, wakaamua kutotuma hata kiraka chao cha kwanza, hawamo katika kumbukumbu yoyote.

Septemba 16, 2018, katika barua iliyotangaza toleo la majaribio la 4.19-rc4, Torvalds mwenyewe aliandika kwamba mashambulizi yake katika barua pepe hayakuwa ya kitaalamu wala hayakustahili, akaomba radhi, na akasema atapumzika na kutafuta msaada wa kuelewa hisia za watu na namna ya kuzijibu ipasavyo. Mtunzaji mwenzake, Greg Kroah-Hartman, alilikamilisha toleo la 4.19 mwezi uliofuata. Wakati huo huo mradi ulipokea kanuni mpya za maadili zilizotokana na Contributor Covenant, andiko lililoanzishwa mwaka 2014 na Coraline Ada Ehmke. Walikuwapo waliotabiri kwamba ubora ungeporomoka. Miaka imepita, matoleo mapya yanaendelea kutoka kila baada ya wiki 9 au 10, viraka vibaya vinaendelea kukataliwa, na kanuni ya kutovunja programu za watumiaji iko pale pale. Nadhani huu ndio ushahidi mzito kuliko wote tulio nao katika mjadala huu, kwa sababu ni mradi ule ule na kiongozi ni yule yule. Kilichobadilika ni namna ya kusema.

Lakini ingekuwa rahisi mno kulimaliza jambo hili kwa kumnyooshea kidole kiongozi mkali, kwani mara nyingi anayeumizwa ndiye mtunzaji, na wanaoumiza ni watu waliomzidi kwa wingi. Januari 2020 hilo liliikuta actix-web, programu ya kujengea huduma za mtandaoni katika lugha ya Rust, iliyosifika sana kwa kasi yake. Lugha ya Rust humkagulia mwandishi matumizi ya kumbukumbu ya kompyuta, isipokuwa pale anapoandika sehemu maalumu ya msimbo ambayo usalama wake anaubeba mwenyewe. Mwanzilishi wa actix-web alizitumia sehemu hizo kwa wingi. Mchangiaji mmoja alionyesha mahali ambapo matumizi hayo yangeweza kuleta makosa ya kumbukumbu, akapendekeza kiraka, na mwanzilishi akakijibu kwa dharau kwamba kinachosha. Kisha umati ukaja. Watu ambao hawakuwahi kuugusa mradi huo walimwandikia kwamba hafai kuandika Rust kabisa. Mwanzilishi aliuondoa msimbo mahali ulipokuwa, akatangaza kuwa ameachana na programu huria, na siku chache baadaye akamkabidhi mchangiaji mwingine mradi wenyewe.

Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa sababu wakosoaji wa kwanza walikuwa sahihi. Kasoro ilikuwapo. Naye mtunzaji hakuwa mwema katika jibu lake, na dharau kwa kiraka kilichoandaliwa kwa bidii ni ukosefu wa heshima sawa na tusi. Lakini baada ya maelezo ya kwanza yenye ushahidi, kila sauti iliyoongezeka haikuongeza ujuzi wowote juu ya kasoro. Iliongeza uzito juu ya mtu. Mkosoaji wa mia moja anaweza kuwa ameandika sentensi ya upole kabisa na bado akawa sehemu ya jiwe linalomwangukia mtu mmoja. Naona kwamba anayefika kwenye mjadala na kukuta jambo lake limeshasemwa vizuri ana njia mbili tu zenye faida: kuleta ushahidi mpya, au kuifanya kazi ya kurekebisha. Kama hana kimojawapo, kunyamaza kwake ni mchango.

Sasa tuyasogeze macho karibu na maneno yenyewe, kwa kutumia kiraka cha kufikirika cha aina inayoonekana mara kwa mara katika mifumo ya afya. Mwandishi kijana ameongeza ukurasa unaoorodhesha wagonjwa wa kliniki pamoja na tarehe ambayo kila mmoja alihudhuria mara ya mwisho. Msimbo wake unaichukua orodha ya wagonjwa, kisha ndani ya kitanzi, yaani sehemu ya msimbo inayojirudia, unaiuliza hifadhidata tarehe ya mgonjwa wa kwanza, halafu ya wa pili, na kuendelea. Kwenye kompyuta yake yenye wagonjwa 10 wa majaribio, ukurasa unafunguka mara moja. Mhakiki wa kwanza anaandika: “Hii haiwezi kukubaliwa. Inaonekana hujui hifadhidata inavyofanya kazi.” Mhakiki wa pili anaandika: “Ukurasa huu ulikuwa unahitajika, asante kwa kuuanza. Kuna jambo moja linalozuia kiraka kisipokelewe kwa sasa. Ombi la tarehe liko ndani ya kitanzi, kwa hiyo kliniki yenye wagonjwa 3,000 itatuma maombi 3,001 kila ukurasa unapofunguliwa. Tarehe zote zinaweza kupatikana kwa ombi moja, kama tulivyofanya katika faili la ripoti za maabara. Majina ya vigeu viwili yangeweza kuwa wazi zaidi, lakini hilo si sharti.”

Mhakiki wa pili ndiye mkali zaidi kati ya hao wawili. Amekizuia kiraka, ametaja mahali, ametoa hesabu ambayo mwandishi hawezi kuibishia, na hakumwachia mwanya wa kudhani kwamba jambo hilo ni la hiari. Yule wa kwanza ametoa hukumu bila kueleza kesi. Tena amedai jambo asilo na ushahidi nalo: hajui kama mwandishi hajui, huenda anajua vizuri sana na amepitiwa. Katika kazi ambayo kila dai linatakiwa lithibitike kwa jaribio, dai lisilothibitika kuhusu akili ya mtu ni uzembe wa kitaalamu, na linapaswa kukosolewa kama uzembe mwingine wowote. Fundi mashua anayekagua kalafati hukiweka kidole pale maji yanapoingilia. Hana haja ya kumsema aliyeipigilia mbao.

Kuna pia suala la kutenganisha yaliyo sharti na yaliyo mapendekezo, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Mchangiaji anayepokea maoni 20 yenye sauti moja hawezi kujua kwamba 2 kati yake ni ya usalama na 18 ni ladha ya mhakiki. Atayafanyia kazi yale mepesi, atachoka, na lile zito litabaki mwisho. Miradi mingi imepunguza tatizo hili kwa kuziachia programu mambo ya nafasi, mabano na mpangilio wa mistari: waandishi wa lugha ya Go wana gofmt, na wa Python wengi hutumia Black. Huo ni uamuzi wa busara wenye faida ambayo pengine waanzilishi wake hawakuikusudia. Mtu akiambiwa na mashine kwamba mabano yake hayakukaa sawa hajisikii kudharauliwa, na mhakiki anabakiwa na nguvu za kuzungumzia mambo ambayo mashine haiyaoni.

Upande wa pili una hatari yake pia, nami siungi mkono ule mtindo wa kuizungushia kasoro sifa mbele na nyuma mpaka isionekane. Anayesoma kwa lugha yake ya tatu, akiwa mbali na bila kuweza kuuona uso wa anayemwandikia, anaweza kubaki na sifa peke yake na kutoka na furaha isiyo na msingi. Shukrani iwepo pale inapostahili, itaje kitu mahususi kilichofanywa, kisha kasoro isemwe kwa sentensi yake yenyewe. Kumficha mtu kosa lake ni kumchukulia kama mtoto asiyeweza kubeba ukweli.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja sisi wa Afrika Mashariki. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004, ulikua pamoja na kazi ya matibabu ya Virusi vya UKIMWI huko Eldoret, na waandishi wa programu kutoka Kenya na Uganda wamekuwa miongoni mwa wachangiaji wake. DHIS2, mfumo mwingine huria unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, unakusanya takwimu za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki katika kazi hiyo kwa miaka mingi. Vijana wetu wamo katika miradi ambayo mhakiki anaweza kuwa Oslo au Marekani na lugha ya mazungumzo ni Kiingereza. Kiraka kikitumwa jioni kutoka Mwanza, jibu la mtu wa pwani ya magharibi ya Marekani litaandikwa wakati mwandishi amelala. Kila swali lisilokamilika linakula siku nzima. “Kwa nini umefanya hivi?” ni swali halali kwa watu waliokaa meza moja, lakini kwa barua linasomeka kama lawama, na baada ya saa 10 za kusubiri linajibiwa kwa kujitetea. Mhakiki mwenye heshima anaandika swali pamoja na sababu ya kuliuliza na jibu analolitarajia, ili mwenzake akiamka awe na kazi ya kufanya.

Nasi tuna la kujirekebisha. Tumelelewa kutomkosoa mkubwa mbele za watu, na malezi hayo yana thamani ambayo sipendi tuipoteze. Lakini nimeona jinsi yanavyoingia katika miradi: kijana anaiona kasoro katika kazi ya mtu mwenye jina, anamweleza rafiki yake pembeni, na katika mjadala wenyewe anaandika kwamba kila kitu kiko sawa. Ikiwa programu inakokotoa vipimo vya dawa, ukimya huo una mgonjwa upande wa pili. Heshima kwa mkubwa haizuii ukweli. Inaupa namna ya kufika. “Shikamoo Mwalimu. Nimeijaribu kwa mtoto wa kilo 8, na ukurasa umeonyesha kipimo cha mtu mzima. Hatua nilizofuata ni hizi hapa. Huenda kuna mpangilio ambao sikuuweka, naomba uniangalizie.” Hapo mkubwa hakuvunjiwa heshima, na kasoro imesemwa yote, kwa namna ambayo yeyote anaweza kuirudia na kuithibitisha. Pale ambapo mkubwa wa namna hiyo anakasirika, tatizo si la kijana.

Ukimya wa watunzaji nao unahitaji kutajwa. Kiraka kinachokaa miezi bila neno humfundisha aliyekituma kwamba kazi yake haionekani. Kukataa kwa sentensi mbili zenye sababu ni bora zaidi. Hata hivyo, anayelalamikia ukimya huo lazima ajiulize analalamika kwa nani, kwa sababu watunzaji wengi wanafanya kazi hiyo usiku baada ya ajira yao ya mchana, bila malipo yoyote. Na hapa ndipo penye kisa ambacho, kwa maoni yangu, kinapaswa kusomwa na kila anayefikiri kwamba heshima ni suala la hisia tu.

XZ Utils ni programu ndogo ya kubana mafaili, iliyomo karibu katika kila mfumo wa Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin. Mwaka 2022 watu waliotumia majina ambayo hadi leo hayajulikani kuwa ya nani walianza kumwandikia hadharani wakilalamika kwamba viraka vinachelewa na kwamba mradi hautasonga mbele mpaka apatikane mtunzaji mpya. Collin alijibu kwa unyenyekevu kwamba hajapoteza hamu, bali uwezo wake umepungua kutokana na matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, akakumbusha kwamba ile ni kazi ya kujitolea isiyo na malipo. Mmoja wao akamjibu kwamba anasikitishwa na matatizo hayo, ila ni muhimu mtu aijue mipaka yake. Wakati huo alikuwapo mchangiaji mmoja mwenye bidii na lugha nzuri, aliyejiita Jia Tan, ambaye taratibu alipewa mamlaka juu ya mradi. Mwanzoni mwa 2024 matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalitoka yakiwa na mlango wa siri ambao ungemwezesha aliyeuweka kuingia katika seva bila ruhusa.

Tazama ile sentensi ya pole. Haina tusi wala neno kali, na kanuni yoyote ya maadili inayotafuta maneno mabaya ingeipitisha. Lakini ni sentensi isiyo na heshima hata kidogo, kwa sababu inauchukua udhaifu ambao mtu ameueleza kwa uaminifu na kuufanya kuwa sababu ya kumnyang'anya kazi yake. Upole wa maneno hautoshi kuwa kipimo. Kinachofaa kuulizwa ni ukosoaji unamwachia nini anayeupokea: je, baada ya kuusoma ana njia ya kurekebisha kitu, au ana aibu tu? Collin hakuachiwa kitu cha kurekebisha. Hakuna aliyemwambia kwamba kiraka fulani kina kosa katika mstari fulani. Aliambiwa tu, kwa namna mbalimbali, kwamba hatoshi. Jamii iliyozoea kuwaona watunzaji wakisukumwa hivyo kila siku haikuona ajabu yoyote, na waliotaka kuingia walipita katikati ya mazoea hayo.

Aliyeugundua mlango huo ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa waandishi wa PostgreSQL, programu huria ya hifadhidata. Alikuwa akipima mambo mengine kabisa alipoona kwamba kuingia kwa SSH, njia ya kuifikia kompyuta nyingine kwa usalama kupitia mtandao, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde na kunatumia nguvu nyingi za kompyuta. Taarifa aliyoichapisha Machi 29, 2024 ni somo la uandishi. Inaanza na dalili alizoziona, inaendelea na mahali msimbo hasidi ulipojificha, inatoa vipimo vya kabla na baada ili mwingine aweze kuvirudia, na inasema wazi kwamba yeye si mtafiti wa usalama, hivyo yapo asiyoyajua. Kuhusu aliyeyaingiza mabadiliko hayo, aliandika kwamba ama anahusika moja kwa moja, ama kompyuta yake imeingiliwa vibaya sana, na akaeleza kwa nini hili la pili linaonekana kuwa na uwezekano mdogo zaidi. Angeweza kutoa hukumu ya mwisho, na wakati ule hakuna ambaye angemlaumu. Aliishia pale ushahidi wake ulipoishia. Watunzaji wa mifumo mbalimbali walirudi kwenye matoleo ya zamani haraka, kwa sababu taarifa ile iliwapa kila walichohitaji, na hawakulazimika kupekua hasira za mtu ili kuufikia ukweli.

Linabaki swali gumu la mtu mwenye kipaji kikubwa na ulimi mbaya, ambaye mradi unahofia kumpoteza. Miradi mingi huandika kanuni za maadili na kisha kuzitumia kwa wageni pekee. Mwishoni mwa 2024 kamati ya maadili ya kiini cha Linux ilikabiliwa na jambo la namna hiyo, baada ya mwandishi mkuu wa mfumo wa mafaili wa bcachefs kumtolea mwenzake maneno ya matusi katika mjadala kuhusu ugawaji wa kumbukumbu. Alitakiwa kuomba radhi hadharani, hakufanya hivyo, na kamati ikauzuia ushiriki wake kwa kipindi kizima cha kuandaa toleo la 6.13. Wapo waliosema kwamba watumiaji wa bcachefs waliadhibiwa kwa kosa ambalo si lao, na malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, kwani marekebisho yao yalicheleweshwa. Hata hivyo naiona hatua ile kuwa ya haki. Kizuizi kilikuwa na mwanzo na mwisho unaojulikana, sababu yake ilitajwa, mlango wa kuomba radhi uliachwa wazi kabla ya adhabu, na aliyetukanwa aliona kwamba mradi haukupima thamani yake kwa wingi wa msimbo wa aliyemtukana. Toleo la 6.13 lilitoka Januari 2025, na katika maandalizi ya toleo lililofuata viraka vya bcachefs vilipokelewa tena, vikasomwa na kuhukumiwa kama viraka vingine vyote.